Askofu Comenius: Mkimbizi Aliyetaka Watoto Wafundishwe bila Hofu



Katika toleo hili tunawaletea maisha ya mtumishi wa Mungu aliyefariki zaidi ya miaka 350 iliyopita. Alikuwa mwalimu, akawa mchungaji, akawa askofu, na kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa mkimbizi. Kwa lugha ya kwao aliitwa Jan Amos Komenský, lakini wengi wanamjua kwa jina lake la Kilatini, yaani Comenius.

Tumemchagua kwa sababu ya jambo linalotusumbua hapa kwetu. Tunao watoto wanaotoka nyumbani asubuhi na daftari, lakini shuleni hawafiki. Ukiwauliza sababu, wengi wanataja kiboko. Nao walimu wetu, ambao wengi wanafundisha kwa posho ndogo, wanasema kwamba bila fimbo huwezi kutuliza watoto mia moja chini ya turubai moja. Wote wana sababu zao. Basi tumsikilize mtu aliyefikiri juu ya jambo hili kwa miaka mingi, naye akiwa mbali na nchi yake.

YATIMA ALIYECHELEWA SHULE

Comenius alizaliwa tarehe 28 Machi 1592 katika jimbo la Moravia, ambalo leo liko katika Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walikuwa washirika wa kanisa dogo lililoitwa Umoja wa Ndugu. Kanisa hilo lilitokana na wafuasi wa Jan Hus, yule mhubiri aliyechomwa moto mwaka 1415 kwa ajili ya imani yake. Ndugu hao walipenda Neno la Mungu na walipenda shule.

Alipokuwa na miaka kama 10 baba yake alifariki. Muda mfupi baadaye akafa mama, na dada zake wawili pia. Mtoto akapelekwa kwa shangazi yake katika mji wa Strážnice. Mwaka 1605 vita ikafika huko, na mji ukachomwa. Masomo yake yakakatika. Alipoanza kujifunza Kilatini, lugha ya wasomi wa wakati ule, alikuwa amefikia miaka 16, mkubwa kuliko wenzake darasani.

Kuchelewa huko kulimsaidia kwa namna moja. Mtoto mdogo huona kila kitu cha shule kuwa cha kawaida, lakini yeye alikuwa kijana mwenye akili ya kupima mambo. Aliona watoto wakikaririshwa maneno wasiyoyaelewa, na wakishindwa wanapigwa. Baadaye aliandika kwamba shule nyingi zilikuwa mahali pa kuogofya watoto na pa kuua akili zao, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa maelfu waliopotezewa ujana wao kwa njia hiyo.

Ndugu wa kanisa walimpeleka Ujerumani kusoma teolojia katika miji ya Herborn na Heidelberg. Mwaka 1614 alirudi kwao akafundisha katika shule ya Přerov, shule ile ile aliyosomea. Mwaka 1616 akawekewa mikono kuwa mchungaji. Mwaka 1618 alioa mke aliyeitwa Magdalena, akapewa usharika wa mji wa Fulnek, na pamoja na usharika akapewa shule ya kuisimamia.

VITA NA UKIMBIZI

Mwaka huo huo wa 1618 ilianza vita ambayo ingeendelea kwa miaka 30. Tarehe 8 Novemba 1620 majeshi ya Waprotestanti wa Bohemia yalishindwa katika pigano la Mlima Mweupe, karibu na Prague. Baada ya hapo wachungaji wa Umoja wa Ndugu walianza kutafutwa. Askari walipoingia Fulnek, Comenius alikimbia akajificha, akaacha familia nyuma. Mwaka 1622 ugonjwa wa tauni ulimwua mke wake Magdalena pamoja na watoto wao wawili. Yeye hakuwepo. Mwaka uliofuata vitabu vyake vilichomwa moto hadharani.

Wapendwa, wapo kati yetu wanaolijua jambo hili bila kuelezwa zaidi.

Kwa miaka kadhaa alijificha katika mashamba ya bwana mmoja mwema aliyewalinda Ndugu. Mwaka 1624 alioa tena, mke wa pili aliyeitwa Dorota. Kisha mfalme akatoa amri kwamba Waprotestanti wakubali dini yake au waondoke. Februari 1628, wakati wa baridi kali, Comenius na jamaa yake walivuka milima wakaingia Poland. Inasimuliwa kwamba walipofika mpakani alipiga magoti akamwomba Mungu aihifadhi katika nchi ile mbegu iliyofichwa. Hakuikanyaga nchi yake tena.

KITABU CHA WATU WASIORUDI

Wakimbizi wengi wa Umoja wa Ndugu walikusanyika katika mji wa Leszno, Poland. Comenius alifundisha katika shule ya huko. Wote walidhani kwamba watakaa kidogo tu, kisha watarudi. Katika tumaini hilo alianza kuandika kitabu kikubwa juu ya namna ya kufundisha. Aliandika kwa Kicheki, lugha ya watu wake, ili siku ya kurudi nyumbani wawe na mpango wa kujenga shule upya.

Siku hiyo haikufika katika maisha yake. Baadaye alikiandika tena kwa Kilatini, nacho kikachapwa Amsterdam mwaka 1657. Kile cha Kicheki kilikaa kimefichika hadi mwaka 1841, kilipokutwa Leszno, kikachapwa mwaka 1849. Leo walimu wanakiita Didaktiki Kuu.

Katika kitabu hicho alitaka watoto wote wasome, wavulana na wasichana, wa matajiri na wa maskini. Alitaka waanze kwa lugha ya mama kabla ya lugha za kigeni. Lakini leo tutazame zaidi sura zinazohusu nidhamu, maana ndilo jambo letu.

JINSI ALIVYOTAKA DARASA LITULIE

Kwanza, Comenius hakusema kwamba nidhamu haina kazi. Alitumia methali ya kwao, kwamba shule isiyo na nidhamu ni kama kinu cha kusagia kisicho na maji. Lakini akaongeza kwamba nidhamu maana yake si makelele na mapigo. Maana yake ni mwalimu kuwa macho, na wanafunzi kuwa na usikivu.

Aliamini kwamba mwalimu mmoja anaweza kufundisha hata wanafunzi mia moja. Walimu wengi hawakubaliani naye katika hesabu hiyo, na sisi pia tungependa madarasa yetu yapungue. Lakini kwa kuwa mia moja ndio tunao, tuone alivyopanga.

Aligawa darasa katika makundi ya watoto kumi kumi. Kila kundi lina kiongozi wake mwanafunzi, anayesaidia kusikiliza masomo na kuangalia kazi ya wenzake. Kwa hiyo mwalimu mwenye watoto mia ana wasaidizi kumi, na kila mtoto anajua kwamba kuna anayemwona.

Mwalimu asimame mahali palipoinuka kidogo, ili wote wamwone naye awaone wote. Asifundishe mmoja pembeni huku wengine wakicheza, bali aseme na wote pamoja. Aanze na kitu kinachovuta masikio yao. Katikati ya somo akatishe ghafla, amwulize huyu alichosema, kisha yule wa nyuma kabisa, bila kufuata mstari. Asiyejua asitukanwe, swali lipite kwa mwingine. Anayejibu vizuri asifiwe mbele ya wote. Comenius aliona kwamba mtoto asiyejua ataulizwa saa ngapi hukaa macho, na mtoto aliyesifiwa mara moja hutaka kusifiwa tena, na wenzake nao hutamani.

Hakuona aibu kutaja zawadi. Alishauri mwalimu awasifu wenye bidii, na wale wadogo awape hata tunda, njugu au sukari kidogo. Aliwataka wazazi waongee vizuri juu ya shule na juu ya mwalimu mbele ya watoto. Aliwataka wakubwa wa mji waje siku ya mitihani wawapongeze waliofanya vizuri. Alitaka shule yenyewe ipendeze, iwe na picha ukutani ndani, na nje iwe na nafasi ya kucheza na bustani ya kutazama. Tena alitaka masomo ya watoto wadogo yasizidi saa nne kwa siku, mbili kabla ya adhuhuri na mbili baadaye, maana akili iliyochoka huleta fujo.

JUU YA FIMBO

Hapa ndipo alipotofautiana na walimu wengi wa wakati wake. Alifundisha kwamba mtoto asipigwe kwa sababu ameshindwa kuelewa somo. Kama wanafunzi hawataki kujifunza, kosa ni la mwalimu ambaye hakuweza kuwafundisha au hakuwavutia. Alitoa mfano wa mpiga muziki. Chombo chake kikitoa sauti mbaya hakipigi kwa ngumi wala kwa rungu, bali anakaza na kulegeza nyuzi polepole mpaka zipatane, kama vijana wetu wa kwaya wanavyofanya na magitaa yao kabla ya ibada.

Nidhamu kali aliiacha kwa ajili ya makosa ya tabia, kama vile kumkufuru Mungu, uovu wa makusudi, kiburi na ukaidi. Hata hapo alitaka ije mwisho, baada ya mfano mwema wa mwalimu, baada ya maneno ya kuonya na kubembeleza. Na mwenye kuadhibu asiwe na hasira wala chuki, ili mtoto mwenyewe aone kwamba anatakiwa mema.

Mfano wake unaojulikana zaidi ni wa jua. Jua hutoa mwanga na joto kila siku. Mvua na upepo huja mara nyingi. Radi huja kwa nadra. Mwalimu na awe hivyo. Ikiwa radi inapiga kila siku, hakuna mmea utakaokua.

Ndugu zangu, mtu asiseme kwamba Comenius alikuwa mlegevu kwa kuwa hakuyajua maisha magumu. Alikuwa yatima wa mji uliochomwa, alizika familia kwa mbali, alifukuzwa katika nchi yake. Alikuwa amekwisha kuona watu wazima wakitumia nguvu. Hakutaka darasa la watoto lifanane na hayo.

SAFARI, NA SHULE YA SÁROSPATAK

Mwaka 1631 Comenius alichapisha kitabu cha kujifunza Kilatini kwa njia rahisi, nacho kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Jina lake likaenea. Mwaka 1641 alialikwa Uingereza, lakini mwaka uliofuata vita vya ndani vikaanza huko. Akafanya kazi ya vitabu vya shule kwa ajili ya Sweden, akiishi katika mji wa Elbing.

Mwaka 1648 vita ile ya miaka 30 ikamalizwa kwa mkataba. Umoja wa Ndugu ulikuwa umesubiri siku hiyo kwa machozi. Lakini mkataba haukuwapa ruhusa ya kurudi kwao na imani yao. Mwaka huo huo Dorota akafariki, na Comenius akawa askofu mkuu wa kanisa la watu waliotawanyika.

Mwaka 1650 alialikwa Sárospatak, Hungaria, kurekebisha shule. Alikuwa na mpango wa madarasa saba. Alifanikiwa kufungua matatu tu. Kule alikuta wanafunzi wavivu na walimu waliokata tamaa, hata akaandika kitabu kidogo juu ya namna ya kufukuza uvivu shuleni, na kingine cha sheria za shule yenye utaratibu mzuri.

Kisha akajaribu jambo jipya. Aliandika michezo ya kuigiza minane iliyobeba masomo yenyewe ndani yake, na wanafunzi wakapewa nafasi ya kuicheza mbele ya watu. Wakubwa wa shule walipinga mwanzoni, wakiona kwamba ni upuuzi. Lakini ilipochezwa, wazazi na watu wa heshima walikuja kutazama, na wale wale wanafunzi wazito wakaanza kujifunza kwa hamu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na sehemu yake na macho ya watu yalikuwa juu yake.

Huko pia alitayarisha kitabu cha picha kwa watoto, kilichochapwa Nuremberg mwaka 1658. Kilikuwa na masomo 150, kila moja na picha yake, na namba zilizounganisha neno na kitu kinachoonekana. Watoto wa Ulaya walikitumia kwa muda mrefu sana.

HASARA YA PILI, NA KOSA LAKE

Mwaka 1654 alirudi Leszno. Wakati huo Sweden ilivamia Poland. Comenius, akitumaini kwamba mfalme wa Sweden ambaye alikuwa Mprotestanti angewakomboa Ndugu, aliandika maneno ya kumsifu. Wapoland walikasirika. Aprili 1656 mji wa Leszno ulichomwa. Nyumba yake iliungua, na maandiko yake mengi yakateketea, pamoja na kamusi ya Kicheki na Kilatini aliyoifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 40. Alikuwa na miaka 64, na alikimbia tena mikono mitupu.

Tusifiche upande huu. Alikuwa pia mwepesi wa kuamini watu waliotabiri kwamba wakimbizi watarudi karibuni na adui wataanguka. Alichapisha tabiri hizo, nazo hazikutimia, na watu wengi walimcheka. Sisi tunaosikia kila mwaka tarehe mpya ya kurudi nyumbani tunaweza kumhurumia, na tunaweza kujifunza pia.

Familia moja tajiri ilimpokea Amsterdam, Uholanzi, na huko akachapisha kazi zake zote za ualimu. Alifariki tarehe 15 Novemba 1670, akazikwa katika mji mdogo wa Naarden.

MBEGU ILIYOFICHWA

Alikufa akijua kwamba kanisa lake linakwisha. Lakini mwaka 1727, huko Herrnhut, Ujerumani, wakimbizi waliotoka Moravia waliamshwa na Roho wa Mungu, na kanisa likaanza upya. Mwaka 1735 lilipohitaji askofu wa kwanza, aliyemwekea mikono alikuwa Daniel Ernst Jablonski, mtoto wa binti yake Comenius. Ndilo kanisa la Moravian. Mwaka 1891 wamisionari wake walifika Rungwe, na leo Watanzania wengi sana wanaabudu humo. Na katika Cheki na Slovakia, tarehe 28 Machi, siku aliyozaliwa, ndiyo siku ya walimu.

NENO KWETU

Naomba niseme na la kwangu. Nilipoanza kufundisha shule ya Jumapili ukimbizini, niliingia na fimbo mkononi. Watoto walinyamaza, nami nikadhani nimefaulu. Mvulana mmoja akaacha kuja. Nilimkuta bombani akichota maji, akanijibu bila kuniangalia kwamba alikuwa amepigwa vya kutosha kule tulikotoka. Niliiacha fimbo ile. Haikuwa rahisi, majuma ya kwanza kelele zilinishinda. Nilipowagawa watoto kumi kumi na kuanza kuwasifu kwa majina, mambo yakabadilika polepole.

Wapo watakaonikumbusha Mithali 13:24. Andiko hilo lipo, na mtoto anahitaji kuonywa. Lakini tusome pia Waefeso 6:4, ambapo Paulo anawakataza akina baba kuwachokoza watoto wao, na Wakolosai 3:21, ambapo anaonya kwamba watoto wanaweza kuvunjika moyo. Mtoto aliyevunjika moyo haachi masomo tu. Mara nyingi anaacha na kanisa.

Walimu wetu, jaribuni haya kwa mwezi mmoja: gaweni watoto kumi kumi, simameni mahali mnapoonekana, mtafuteni kila siku mtoto wa kusifu, hasa yule mnayemwona msumbufu, na mumsifu kwa jambo la kweli alilofanya. Wazazi, msimseme mwalimu vibaya mbele ya mtoto. Siku mtoto anapoleta daftari lenye alama nzuri, acheni kazi kidogo mlitazame.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Juma hili nimemsifu mtoto wangu mara ngapi, na nimemgombeza mara ngapi?
2. Mtoto wetu anaogopa nini shuleni? Tumemwuliza?
3. Kama familia, tunaweza kumtia moyo mwalimu wake kwa jambo gani?

Bwana awabariki, awalinde watoto wetu, na awape walimu wetu nguvu na uvumilivu. Amina.